Msisingizie mtandao: barua kwa walioniuzia GPS ya gari

Tabora,
12 Mei 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFAA CHA GPS NA MAJIBU MLIYONIPA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tarehe 3 Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu kifaa cha kuonyesha njia, kile cha skrini ya inchi 7 kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Nililipa shilingi 285,000 taslimu na risiti ninayo. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa za njano kwamba ndani mna "ramani mpya ya Tanzania nzima, 2024". Kijana wenu wa kaunta aliniapia hivyo hivyo, akakiwasha, tukaona Kariakoo mpaka vichochoro vyake. Nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilipaswa nimwambie anifungulie Kaliua ya huku kwetu.

Mtaniuliza mtu wa Tabora ananunuaje kitu hiki wakati simu zimejaa ramani. Ni kwamba nilikuwa na safari ya Kigoma, na mimi Kigoma naijua kwa treni. Tangu utoto nimepanda usiku, nikalala, nikaamka watu wanauza chumvi Uvinza. Kwa gari sikuwahi kwenda. Na wenye kuipita njia ile walinionya kwamba katikati ya pori kuna vipande virefu laini zote zinakata, na ramani ya simu kama hukuipakua mapema inabaki ukurasa mweupe. Kifaa chenu ramani yake imo ndani kwenye kadi, hakiombi bando wala mnara. Kwa sababu hiyo tu ndiyo nikatoa hela. Naomba mlikumbuke hili, tutalirudia.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili tuliondoka Tabora saa kumi na moja alfajiri kwa Noah yangu. Mpwa wangu alikuwa anaolewa Ujiji kesho yake, na mimi ndiye mjomba, kwa hiyo jioni ile nilikuwa nasubiriwa kikaoni. Mbele alikaa shangazi yangu, nyuma mke wangu na madumu mawili ya asali, maana huwezi kutoka Unyamwezi ukaenda harusini mikono mitupu.

Mpaka Urambo hakuna neno. Yule dada wa kwenye kifaa alisema "endelea moja kwa moja" kwa Kiswahili cha kusoma, tukamzoea. Tulipoiacha Kaliua nyuma ndipo alipobadilika. Kile kigari cha bluu kwenye skrini kikaiacha barabara, kikawa kinatembea porini upande wa kushoto, kana kwamba tunachunga ng'ombe. Halafu akaanza: "Rudi nyuma inapowezekana." Tukienda dakika mbili, "Rudi nyuma inapowezekana." Shangazi akavumilia, mwisho akauliza, "Huyu mwenzetu kasahau nini Tabora?"

Alichotaka nilikuja kukielewa baadaye nilipoikuza ramani. Kwenye ramani yenu mto Malagarasi hauna daraja. Daraja la Kikwete, ambalo malori na mabasi yanalipita kwa miaka mingi sasa, kwenu halijajengwa. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kinatutaka turudi Tabora, twende Nzega, Kahama, tushuke Kibondo na Kasulu ndipo tuingie Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 600. Mwaka 1871 Stanley naye alizunguka alipotoka hapa kwetu Kwihara kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, lakini yeye alikuwa na sababu, vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia. Sisi Mirambo wetu ni kadi ya kumbukumbu.

Sikurudi. Ila kuna mahali nilimtii, na ndipo nilipoumia. Baada ya kunung'unika muda mrefu akanyamaza, kisha kwa sauti ya uhakika akasema baada ya mita 400 nigeuke kushoto. Kweli palikuwa na njia, imenyooka, ina alama za matairi. Nikafikiri labda ni njia ya pembeni, huko mbele kuna matengenezo. Kumbe ilikuwa njia ya kuingilia mashamba ya tumbaku. Kilomita tatu ndani tukaikuta mbuga, na wa huku kwetu mnajua nikisema mbuga simaanishi ya wanyama, namaanisha ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unanata kama gundi. Noah ikazama mpaka kwenye ekseli. Dada akasema, "Endelea moja kwa moja."

Tulikaa pale saa tatu na nusu. Mbung'o walitufaidi. Mke wangu alitembea kwa miguu kutafuta watu, akarudi na vijana wawili wafugaji wenye jozi mbili za maksai, wakafunga mnyororo, wakatuvuta kinyumenyume hadi palipokauka. Niliwapa shilingi 70,000 na chupa ya asali, na hawakuniomba asali. Wao ndio walionielekeza barabara kwa kunyoosha mkono. Ujiji tuliingia saa nne usiku, kikao kimeshamalizika, na dada yangu hakunisemesha mpaka asubuhi.

Jumapili baada ya nikaha nilikaa na shemeji yangu ambaye ni mpima ardhi. Akakichukua kifaa chenu, akaleta na chake cha kazini, tukaviweka pamoja juu ya meza uani. Namba za latitudo na longitudo zilikubaliana, tofauti yake ni ya hatua chache. Kwa maana hiyo kifaa kilijua tulipo. Kisichojua ni ramani iliyochorwa chini yake. Tulipotazama barabara na makutano tunayoyajua kwa macho, vingi vilikuwa vimesogea kaskazini kama mita 300 na mashariki-magharibi kidogo tu. Shemeji akacheka, akasema ugonjwa huo anaujua. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa kufuata msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na GPS inafuata msingi mwingine, WGS 84. Ukinakili nukta za ule wa kwanza ukazipachika kwenye wa pili bila kuzigeuza, kila kitu kinahama takriban umbali huo, na upande huo huo. Barabara ya kwenda Kigoma inakwenda mashariki-magharibi, ndiyo maana kigari chetu kilionekana kusini porini, na kikipata njia yoyote upande huo kinaidandia na kudhani tumo humo. Sisemi kwamba nimewathibitishia ndivyo mlivyofanya. Nasema nendeni mkamuulize aliyewauzia hiyo ramani ameitoa wapi.

Nilirudi Tabora nikawaandikia haya yote, kwa kifupi na kwa adabu, nikaambatanisha picha. Tarehe 28 Aprili mkanijibu mistari minne. Hiyo mistari minne ndiyo iliyoniandikisha barua hii, kwa sababu kupotea njia nilikuwa nimeshaanza kukusamehe.

Mlisema "kifaa hakina tatizo, changamoto imetokana na mtandao hafifu katika maeneo ya mbali", na kwamba waranti haihusu maeneo hayo.

Ndugu Meneja, mtandao upi? Kifaa hiki hakina mahali pa kuweka laini. Ni redio ya kupokea tu. Juu huko, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, kuna satelaiti zisizopungua 24 za Marekani zinazotangaza saa na mahali zilipo, mchana na usiku, bure, na kifaa kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika ndipo kinapiga hesabu ya kilipo. Zinatosha nne. Pale tulipozama tope, skrini yenu yenyewe iliandika satelaiti 11, na picha niliwatumia. Pori la Malagarasi halina maghorofa ya kuziba anga. Kama kuna mahali GPS inatakiwa isumbue, ni katikati ya majengo yenu ya Dar es Salaam na si kwetu. Redio ya marehemu babu ilikuwa haiulizi kama Kaliua kuna mnara.

Na hata tukisema mawimbi yalikuwa mabaya, mita 300 ni nyingi mno. Kabla ya Mei 2000, Marekani ilipokuwa inayavuruga makusudi mawimbi ya raia kwa sababu za kijeshi, kosa lilikuwa kama mita 100. Wao walikuwa wanakusudia, na bado mmewashinda.

Kuna jambo jingine ambalo nilidhani dogo. Siku ile ya safari, kifaa kiliandika tarehe Jumamosi, 27 Agosti 2005. Siku ya wiki ni sahihi, mwaka ndio umekosewa. Nilijaribu kurekebisha, kikipata tena satelaiti kinarudia kule kule. Shemeji akahesabu kwa kidole kwenye simu: kutoka tarehe ile hadi 12 Aprili 2025 ni wiki 1,024 kamili, hazizidi hata siku moja. Saa ya GPS huhesabu wiki kuanzia sifuri hadi 1,023 halafu inaanza upya, na mara ya mwisho kuanza upya ilikuwa Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa kwa hilo kinajiona kipo miaka karibu 20 nyuma. Sasa nisaidieni: kitu chenye ramani ya 2024, kama boksi linavyodai, kimekosaje kujua jambo lililotokea 2019 na ambalo lilitangazwa dunia nzima? Mimi naona ni mzigo wa zamani uliolala ghalani, ukavalishwa boksi jipya. Kama nimekosea, nionyesheni karatasi za kuingizia mzigo huo nami nitaomba radhi kwa maandishi kama haya.

Yale maneno "maeneo ya mbali" nayo yaacheni. Mbali na nani? Boksi limesema Tanzania nzima, halikusema Tanzania nzima ila Kaliua. Bei mliyonitoza nayo ilikuwa nzima.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 285,000 zangu, nami nitawarudishia kifaa, kadi, chaja na kile kishikizo cha kubandikia kioo (ambacho pia hudondoka jua likiwaka, lakini hilo sitawadai, nilikifunga kwa mpira wa baiskeli kikatulia). Mnilipe na zile 70,000 za maksai. Risiti hakuna, wale vijana hawatoi risiti, ila nina picha ya gari likiwa limefungwa mnyororo na saa imo. Ya kikao cha harusi siwadai, hayo tumeshamalizana na dada yangu. Na hayo maandishi ya njano myatoe kwenye maboksi yaliyobaki rafuni, kwa sababu mwenzangu mmoja hapa Tabora, anayepeleka wagonjwa hospitali, alikuwa amejiandaa kuja kununua cha kwake. Mimi nilikwama na asali.

Kuhusu pendekezo lenu la simu ya wiki iliyopita kwamba ninunue "apdeti" ya ramani kwa shilingi 90,000: sitanunua. Mlishaniuzia ramani mpya mwezi Machi. Kama ipo iliyo mpya zaidi ya ile mpya, ndiyo iliyopaswa kuwa ndani ya boksi. Isitoshe, nilimwomba aliyenipigia aangalie kwenye hiyo apdeti kama daraja la Malagarasi lipo. Akasema atanipigia tena. Leo ni siku ya tano.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii, nimeituma kwa basi na risiti ya kifurushi ninayo. Zikipita, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa, na ushahidi nilionao ni boksi lenu lenyewe. Sipendi kufika huko, kwenda Dar es Salaam kwa kesi ya laki tatu na ushei ni gharama juu ya gharama. Ila nimeshapanga nauli.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha sita (ya boksi, ya tarehe ya 2005, ya satelaiti 11, ya mto usio na daraja, na mbili za matopeni), pamoja na majibu yenu ya tarehe 28 Aprili. Namba yangu ya simu ipo kwenye risiti. Mkinipigia, anipigie mtu aliyewahi kukiwasha kifaa hicho akiwa nje ya Dar es Salaam.

Wenu mteja,

Tabora.