Mwandikeni fundi kwa kazi yake, si kwa dhiki zake

Mhariri,

Gazeti linapotenga nafasi kwa wajasiriamali wadogo linafanya jambo la maana. Shida yetu ni kile kinachojazwa humo. Badilisha majina katika habari kumi za aina hiyo na hakuna atakayegundua: alikulia katika dhiki, akakatisha masomo, akaanza na kimtaji kidogo, majirani wakamcheka, leo ameajiri wenzake na anawaasa vijana wasichague kazi. Msomaji anamaliza kusoma bila kujua mtu huyu anatengeneza nini hasa, kinamfaa nani, na akikitaka atakipataje.

Habari ya namna hiyo humletea fundi pongezi na huruma. Mwenye huruma hununua mara moja, tena pengine kitu asichokihitaji, basi. Anayerudi ni yule aliyeelewa ubora wa kazi, na ubora hauelezeki kwa maneno kama "imara" na "ya kisasa". Chukua seremala wa viti. Kuandika kwamba viti vyake hudumu si kitu, kila muuza viti husema hivyo. Andika kwamba mbao zake huzipima kwenye mizani kila wiki na hazigusi kwa msumeno mpaka uzito uache kushuka, kwa sababu mbao mbichi husinyaa ikishaungwa, kiungo kikalegea na kiti kikaanza kucheza. Hapo msomaji amepata sababu ya kumwamini seremala huyu, na pia swali la kumuuliza seremala mwingine yeyote. Fundi cherehani anayeacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono ili nguo iweze kupanuliwa mwenyewe akinenepa ana hadithi ya aina hiyohiyo. Haisimulii kwa sababu kwake ni jambo la kila siku.

Ndiyo maana mahojiano yafanyike kazini, wakati kazi inaendelea. Mtu akikalishwa na kuambiwa "tueleze historia yako" hutoa hotuba. Mikono ikiwa kazini, hueleza. Maswali yanayozaa ni ya vitendo. Hapo unafanya nini? Ukiruka hatua hiyo inakuwaje? Nani hununua, na hukitumia wapi? Mteja akirudisha kitu, huwa kina kasoro gani? Hili la mwisho waandishi wengi huliogopa wakidhani ni utovu wa adabu, kumbe ndilo lenye utajiri kuliko yote, maana jibu lake huonyesha jinsi fundi anavyojisahihisha. Saa moja yatosha. Simu ya kurekodia iwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, isiachwe mezani karibu na mashine. Kama habari itakwenda redioni, rekodi pia dakika moja ya sauti ya kazi yenyewe bila mtu kuzungumza. Bila hiyo mhariri wa sauti hana cha kuunganishia vipande.

Picha ya fundi aliyesimama amekunja mikono mbele ya bidhaa zake imetuchosha. Piga mikono ikifanya ile hatua uliyoieleza, piga bidhaa ikiwa inatumika. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni huonyesha nyuzi za mbao na mfumo wa kitambaa (jinsi kilivyofumwa), flashi huvifuta.

Tuseme kidogo juu ya kutia chumvi. Mwaka 2009 huko Marekani, Rob Walker na Joshua Glenn walinunua vikorokoro vya mitumba, wakawaomba waandishi watunge hadithi fupi juu ya kila kimoja, kisha wakavinadi kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni. Vitu vilivyowagharimu dola 128.74 kwa jumla viliuzwa kwa dola 3,612.51. Watu wa masoko hupenda sana kulitaja jaribio hili, lakini huiruka sehemu moja: wanunuzi walielezwa wazi kwamba hadithi zile ni za kubuni. Fundi hana ruhusa hiyo. Siku mteja atakapogundua kwamba "ufundi wa kurithi kwa babu" ulianza mwaka juzi, atatilia shaka hata yale ya kweli.

Habari inayoomba mkopo au mchango inahitaji uangalifu zaidi. Kiva, jukwaa la mtandaoni la kukopesha wajasiriamali wadogo lililoanzishwa mwaka 2005, lilijenga jina kwa kuonyesha picha na maelezo ya mkopaji mmoja mmoja, nawe ukamchagua wa kumkopesha kuanzia dola 25. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionyesha kwamba mara nyingi mkopaji huyo huwa ameshapewa fedha na taasisi ya mikopo kabla hujamchagua. Utaratibu huo haukuwa wizi, na una sababu zake, ila maelezo hayakuuonyesha wazi, na Kiva ikalazimika kuyarekebisha. Kwa hiyo habari ikiomba fedha, iseme zinapita kwa nani, zinafika lini na zitanunua nini.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba habari nzuri inaweza kumwangusha mtu. Fundi anayemudu vipande kumi kwa wiki akipata oda mia ndani ya siku mbili hupokea malipo ya awali yote, huita vibarua wasiojua kazi, tarehe zinapita na ubora unashuka. Aliyekosa mzigo wake hulalamika kwa sauti kuliko kumi walioridhika. Dawa yake ni kumuuliza mapema: unaweza kutoa vingapi kwa wiki, malighafi ipo kiasi gani, oda ikizidi mteja asubiri kwa muda gani? Majibu hayo yachapishwe. Kama malighafi haipo, habari isogezwe mbele, haitaoza.

Kuna pia yasiyopaswa kuchapishwa. Mapato ya mwezi yakitajwa, wa kwanza kusoma si wateja pekee, ni wadai, ndugu wenye shida na wezi. Tumia namba ya simu ya biashara, acha ya nyumbani. Uliza nani mwingine ana sehemu katika biashara hiyo, kwa sababu mshirika aliyefutwa katika habari huanzisha ugomvi ambao hapo kabla haukuwapo. Kabla ya kuchapisha, msomee mhusika habari nzima kwa sauti, polepole kwenye namba na majina. Mweleze kwamba anasahihisha ukweli, si mtindo, la sivyo sifa zitarudi kwa mlango wa nyuma.

Na jamii? Hakuna biashara inayosimama peke yake. Muulize seremala nani humletea mbao, nani humnolea misumeno, nani hubeba viti, nani alimfundisha, vumbi la mbao na mabaki huchukuliwa na nani. Katika habari ya kiti kimoja zimo habari nyingine tano, na mnoa misumeno, ambaye hakuna mwandishi aliyewahi kumtafuta, anastahili ya wiki ijayo. Mfululizo wa namna hii humwonyesha msomaji fedha yake inazungukia kwa nani baada ya kulipa, jambo ambalo tuzo za mjasiriamali bora haziwezi kumwonyesha. Hata biashara iliyofungwa ina nafasi humo, mwenyewe akiridhia. Sababu iliyoifunga huwafaa wanaotaka kuanza kuliko nasaha za aliyefanikiwa.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kisanduku kidogo chini ya kila habari ya mjasiriamali: bidhaa, inamfaa nani, kiasi anachomudu, muda wa kusubiri, namba ya biashara. Fundi naye aweke daftari kando ya simu, amuulize kila mteja mpya amesikia wapi, apige mstari mmoja kwa kila aliyetaja gazeti. Baada ya mwezi mwandishi apige simu kuuliza mistari mingapi. Ikiwa hakuna hata mmoja, kwanza angalieni kama kichwa cha habari kilitaja bidhaa, kisha angalieni namba. Mara nyingi tarakimu moja imekosewa, na mtu mmoja wa chumba cha habari angeipigia kabla ya ukurasa kwenda mitamboni angeligundua hilo.

Wakufunzi wa uandishi wa habari za biashara ndogo