Sakafu ikilia, msikimbilie nyundo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno na wauza mbao na mafundi wa hapa Mwanza.

Naishi Isamilo, mlimani. Wanaoyajua mawe yetu watanielewa: nusu ya nyumba yangu imekaa juu ya jiwe, nusu nyingine chini yake ni shimo. Kulijaza kifusi kungemaliza mafao yangu yote, hivyo fundi alisimamisha nguzo za zege katikati ya mawe, akalaza boriti, akapigilia mbao za paini za moja kwa sita. Sebule ikapatikana. Ilikuwa Aprili, mvua zinanyesha.

Kufika Agosti, sebule ikaanza kuongea. Ukiamka usiku kunywa maji, nyiii. Mgeni akisogeza kiti, kraa. Wajukuu waligundua kwamba ubao wa tatu kutoka dirishani unalia kama bata, basi ukawa ndio uwanja wao wa kurukia. Nikamwita fundi. Alikuja na nyundo na kilo ya misumari ya inchi tatu, akagonga asubuhi nzima, akachukua chake. Kimya kilidumu wiki mbili. Mlio uliporudi ulikuja na vichwa vya misumari vilivyochomoza, vikawa vinachana kanga za mama watoto. Fundi akaja tena. Akaongeza misumari!

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayeunda mitumbwi kule Igombe, tuliyekutana msibani. Alipofika kwangu hakuuliza nyundo. Alilala kifudifudi, akategesha sikio kwenye ubao, akasema, "Mzee mwenzangu, hebu tembea polepole." Kisha tukaingia chini ya nyumba kwa magoti, pimbi wanatukimbia kati ya mawe, mjukuu akabaki juu akikanyaga. Tochi ikanionyesha kitu ambacho sikukijua: ubao haukuwa umelala juu ya boriti. Kulikuwa na uwazi wa kupitisha kadi ya simu. Mtoto akikanyaga, ubao unashuka. Akiondoa mguu, unapanda, na msumari unasuguana na tundu lake. Bata wetu ni huyo.

"Ulinunua mbao mbichi," akasema. Mbao iliyopasuliwa juzi imejaa maji, na ikikauka husinyaa kwa upana na unene. Urefu haubadiliki sana. Boriti nayo ilisinyaa. Msumari peke yake haukusinyaa, ukabaki unacheza. Kwenye mtumbwi, alinieleza, mbao ikiingia ziwani huvimba na kujibana yenyewe, lakini kiangazi cha sebuleni kinafanya kinyume.

Tulichonga kabari nyembamba za mninga, tukazipaka gundi ya mbao na kuzisukuma kwenye ule uwazi kwa kidole gumba. Nilitaka kuzigonga, akanizuia: ukiigonga kabari unauinua ubao, na ubao wa jirani utaanza kulia. Juu tuling'oa misumari iliyolegea, tukafunga skrubu za inchi mbili na nusu mpaka ndani ya boriti, kila moja ikitanguliwa na tundu dogo la keekee ili ubao usipasuke. Vichwa tulivizamisha, tukaziba kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Palipokuwa na mbao mbili zinazosuguana zenyewe kwa zenyewe, tulinyunyiza poda ya mtoto kwenye mwanya. Hiyo ya poda ni ya muda tu, ila usiku unalala.

Tukagundua na jingine: boriti zilikuwa zimeachana karibu mita moja, wakati mbao ya inchi moja inataka sentimita 40 hadi 60. Hapo ilibidi kuongeza boriti mbili. Fundi wa kwanza alikuwa amebana matumizi, nami nilimshukuru kwa hilo siku ile!

Sina ugomvi na paini ya Rubya wala ya Buhindi, mashamba ya miti ya huku kwetu. Mninga husinyaa kidogo, lakini si kila mstaafu anaumudu. Ninachotaka ni kuambiwa ukweli. Nilipouliza dukani kama mbao ni kavu, nilijibiwa "kavu kabisa, mzee," na nilipoiweka mkononi ilikuwa nzito na ya baridi kama sangara. Kosa langu ni kulipa. Laiti ningezipanga ndani ya chumba kilekile, vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite, nikangoja miezi michache mpaka zikauke! Na fundi angeacha nafasi ya sentimita moja ukutani, maana mvua zikirudi mbao hutanuka.

Ndugu zangu wauza mbao, andikeni basi kwa chaki kwenye kila rundo tarehe lilipopasuliwa. Nina chumba cha pili cha kuweka sakafu na wiki hii nimepita maduka matatu. Bei nimetajiwa kote. Tarehe, hakuna aliyekuwa nayo.

Mstaafu,
Isamilo, Mwanza