Sarafu Yako Ipelekwe Marekani Ikapimwe, au Ibaki Ilipo?

Mteja akileta sarafu ya kale dukani, swali la kwanza siku hizi ni moja: hii si itumwe Marekani ikapimwe, irudi ndani ya kasha? Ameona kwenye mnada wa mtandaoni rupia ya Kijerumani iliyofungiwa kwenye plastiki, imeandikwa MS 63 (daraja la ubora wake), na bei yake imepaa. Jibu letu mara nyingi ni hapana. Kwa sarafu chache jibu ni ndiyo, tena bila kusita.

Kampuni mbili za Marekani za kupima sarafu ndizo zinazotambulika zaidi sokoni: PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987. Unalipa ada, wapimaji wanaitazama sarafu bila kujua ni ya nani, wanaamua kama ni halali, wanaipa daraja kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia kwenye kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Kipimo hicho kilianza na William Sheldon mwaka 1949, naye alikitengeneza kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani tu. Kuanzia 60 (MS) ni sarafu isiyotumika sokoni. Kati ya 50 na 58 (AU) imelika kidogo sana sehemu zilizoinuka. Nyingi tunazoletewa ni za 20 hadi 35 (VF), au chini ya hapo. Sarafu halali yenye dosari kwa kawaida hainyimwi kasha, ila hunyimwa namba: inaandikwa "Details" na dosari yake inatajwa. Umelipia yote, na ulichopata ni cheti cha kasoro.

Dosari inayoongoza ni kusuguliwa. Pwani nzima watu hung'arisha shaba kwa ukwaju, limau na majivu, na wengi huifanyia sarafu hivyo hivyo ili mnunuzi aione inapendeza. Mpimaji hadanganyiki. Washa taa moja tu, izungushe sarafu taratibu chini yake. Ikiwa haijaguswa, mng'ao huzunguka juu ya uso wake kama spoku za baiskeli. Iliyosuguliwa hung'aa kote sawasawa, mng'ao hausogei, na kwa lenzi ya mara kumi utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Tazama pia kwenye kona za ndani za herufi: uchafu mweusi umebaki humo wakati uwanja wa kando (sehemu tambarare isiyo na nakshi) ni mweupe. Hilo halirekebishiki. Rangi ya moshi iliyokuja yenyewe kwa miaka mingi si uchafu, na wapo wanaoilipia zaidi.

Kitu pekee tunachokubali kitumike ni asetoni safi, tena kwa sarafu iliyokaa kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC ikaota utando wa kijani unaonata. Tumia chombo cha glasi, mbali na moto, na madirisha yawe wazi. Loweka dakika chache, badilisha asetoni, iache ikauke yenyewe, usipanguse. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu nyingi zina mafuta na rangi.

Dosari ya pili inatokana na historia ya huku kwetu. Rupia na riyali za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) zilivaliwa kama mapambo, kwa hiyo nyingi ziliwahi kutobolewa au kulehemiwa kipete. Hata kipete kikiondolewa na sonara hodari, alama ya lehemu hubaki ukingoni, kwa kawaida juu ya kichwa cha mfalme. Anza kutazama hapo.

Sasa uhalali, ambao kwa maoni yetu ndiyo sababu ya maana ya kuwa na kampuni hizi. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani na ile ya Mombasa ya 1888 zote zina uzito wa gramu 11.66 na fedha asilimia 91.7. Unaweza kuchuja za bandia nyumbani kwa mizani ya sonara inayosoma hadi 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa kuta wala chini, na hakikisha haina viputo. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji huvimaliza. Mizani itasoma karibu 1.13. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo, utapata takriban 10.3. Iliyolika itakuwa nyepesi kidogo, lakini jibu la kugawanya halibadiliki. Ukipata 8 na ushee, una mchanganyiko wa shaba na nikeli mkononi, na hakuna haja ya kumlipa mtu wa Marekani akuambie hivyo.

Mtihani huo hautoshi kwa Tembo wa Tabora, rupia 15 ya dhahabu ya 1916. Ilipigwa kwenye karakana ya Tabora wakati wa vita, koloni likiwa limefungiwa njia za baharini, na zilitoka kama 16,000 tu. Uzito wake ni gramu 7.17, dhahabu 750 kwa 1,000, na herufi T ndiyo alama ya Tabora. Nakala zake ni nyingi, nyingine za dhahabu kweli, kwa hiyo mizani itasema ni sawa hata kama sarafu ni ya bandia. Mwenye Tembo halisi asiye na kasha hukuta mnunuzi wa mbali akimtazama kwa mashaka na kukata bei. Hii ipelekwe. Riyali ya fedha ya Sayyid Barghash ya 1299 Hijria nayo ipelekwe.

Kuhusu namba yenyewe, wakusanyaji hawajawahi kuelewana, na ugomvi wao una msingi. Sarafu ile ile ikitolewa kwenye kasha na kutumwa tena inaweza kurudi na daraja jingine. Wapo wafanyabiashara wanaoishi kwa mchezo huo wa kuvunja makasha wakitafuta pointi moja ya ziada. Soko lenyewe lilikiri tatizo: mwaka 2007 ilianzishwa CAC, kazi yake ikiwa kuhakiki sarafu za Marekani zilizokwisha pimwa na kubandika stika ya kijani kwa zile zinazostahili daraja zilizopewa. Mpimaji akapimiwa. Kwa sarafu zetu stika hiyo haipo, kwa hiyo jicho lako halina mbadala. Wazoefu wengi huichukua AU 58 nzuri na kuiacha MS 61 iliyojaa makovu ya kugongana kwenye magunia, ingawa namba inasema kinyume.

Sarafu za vita za Tabora ndizo zinazoonyesha udhaifu huu waziwazi. Heller 20 za 1916 (heller ni sarafu ndogo za rupia hiyo ya Kijerumani) zilipigwa kwa vyuma chakavu, maganda ya risasi yakiwemo. Vipande havikulingana unene wala uzito, na mihuri ya kupigia sarafu ilichoka upesi. Taji likionekana limefifia, je, limelika au halikupigwa vizuri tangu mwanzo? Angalia uwanja: kama bado unakwaruza kama chuma kibichi huku nakshi imefifia, ni pigo dhaifu. Kama uwanja umelainika pamoja na nakshi, ni kulika. Kwa sarafu hizi tunaiamini namba ya kasha nusu tu.

Wanunuzi wengi wa sarafu za Kijerumani wako Ujerumani, na huko mazoea ni mengine. Minada yao hutumia maneno yao wenyewe, kama "sehr schön" (nzuri sana) na "vorzüglich" (bora), na wengi bado wanaweka sarafu kwenye trei, wanataka kuigeuza na kuona ukingo wake. Kasha haliwakimbizi, ila hawalilipii kama Mmarekani.

Halafu kuna mtego wa takwimu. Kampuni huchapisha idadi ya sarafu zilizopimwa kwa kila aina, na wauzaji hupenda kuandika "zipo tatu tu duniani." Hapana, zipo tatu zilizotumwa. Pesa ya shaba ya Zanzibar ya 1299, yenye picha ya mizani, hupatikana kwa urahisi, na watu hawaitumi kwa sababu ada inazidi bei yake. Vivyo hivyo senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Kila mara kuna anayeamini ni mali ya mamilioni kwa kuwa mfalme yule alijiuzulu mwaka huo huo. Zilipigwa kwa mamilioni, na ukipewa bei ya chai usikasirike.

Hesabu tunayoshauri: jumlisha ada ya kupima, usafiri wa kwenda na kurudi, bima na gharama za forodha. Thamani ya sarafu ikiwa chini ya mara tatu ya jumla hiyo, iache. Kampuni nyingi za usafirishaji hukataa sarafu, au huzibeba bila bima, hivyo soma masharti kabla ya kufunga mzigo. Kila sarafu iwe kwenye kifuko chake kisicho na PVC, bila pini za stepla wala selotepu.

Ukinunua iliyokwisha kuwekwa kwenye kasha, usiishie kuhakiki namba kwenye tovuti ya kampuni. Waghushi hunakili namba za makasha halali. Fungua picha iliyopo kwenye rekodi, kisha linganisha mikwaruzo na madoa moja moja na sarafu uliyonayo. Doa lililopo kwenye picha ni lazima uwe nalo mkononi. Makasha mapya ya PCGS yana chipu inayosomwa na simu.

Dukani tunaunganisha sarafu za wateja kadhaa kwenye mzigo mmoja ili usafiri ugawanywe. Ukitaka yako iingie, ipige picha pande zote mbili na ukingoni kabla ya kutukabidhi, ubaki na nakala. Kwa picha hizo utahakikisha iliyorudi ndiyo ile ile.