Robert Smalls hakuishia kwenye meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonikera tangu Jumapili. Mmeandika nusu ukurasa kuhusu Robert Smalls wa Marekani, mkaipa makala kichwa "Mtumwa aliyeiba meli", mkasimulia usiku mmoja wa Mei 1862, halafu mkafunga kwa mstari mmoja kwamba baadaye aliingia katika siasa. Mstari mmoja kwa maisha ya zaidi ya miaka hamsini! Mimi nimeshika usukani wa tagi bandarini Tanga kwa miaka 31, zama zile meli kubwa zikitia nanga nje na sisi tukivuta matishari kwenda na kurudi. Mtu huyu ni wa kazi yangu. Siwezi kunyamaza.

Nianze na hilo neno "aliyeiba". Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, South Carolina, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo. Alipotimiza miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Alitumika hotelini, akawasha taa za barabarani, akawa kuli gatini, akashona matanga, mwishowe akapewa usukani. Ujira wake ulikwenda kwa bwana, yeye akaachiwa dola moja kwa wiki. Alizijua njia za maji na mafungu ya mchanga ya bandari ile, lakini mtu mweusi kule hakuruhusiwa kuitwa rubani. Aliitwa mshika usukani, basi. Hapo ndipo aliponigusa. Najua ladha ya kuingiza chombo usiku, maji yanapwa, na asubuhi kitabuni likaandikwa jina la mtu aliyekuwa amelala. Na mkewe, Hannah, alikuwa mtumwa wa bwana mwingine. Smalls alipatana naye amkomboe mke na binti yake kwa dola 800. Sasa Mhariri, katika habari hii yote aliyeibiwa ni nani?

Usiku wenyewe mmeusimulia vizuri, ila mmeacha kitu ambacho baharia yeyote angeanza nacho, nacho ni saa. Meli ile, Planter, ilikuwa ya jeshi la Kusini, upande uliotetea utumwa dhidi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Smalls na mabaharia wenzake watumwa waliiondoa gatini yapata saa tisa usiku, maofisa weupe wakiwa wamelala nchi kavu. Ikapita kwanza gati jingine kuchukua wanawake na watoto. Wangeifikia ngome ya Fort Sumter mapema mno, walinzi wangetia shaka. Wangechelewa, mwanga ungefichua nyuso zao. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akapiga honi ya mvuke kwa ishara iliyozoeleka, akapita kwa mwendo wa kila siku kama saa kumi na nusu alfajiri, chini ya mizinga. Kutokuongeza mwendo pale ndiko kunakonishangaza mpaka leo. Mkono wenyewe unataka kuusukuma mtambo. Walipovuka masafa ya mizinga wakateremsha bendera za Kusini, wakapandisha shuka jeupe, na hata hivyo meli ya kwanza ya Kaskazini waliyoikuta ilikaribia kuwapiga.

Yaliyofuata vitani nayapita haraka: alionana na wakuu Washington mwaka huohuo wa 1862 kuomba watu weusi waandikishwe jeshini, akawaongoza wanamaji wa Kaskazini katika maji aliyoyajua, na Desemba 1863 nahodha wa Planter alipojificha kwenye ghala la makaa kwa hofu ya risasi, Smalls akaichukua meli na kuitoa salama. Tangu hapo akapewa unahodha wenyewe.

Sasa nije kwenye mstari wenu mmoja.

Mtu huyu alifika utu uzima hajui kusoma. Sheria ya South Carolina ilikataza mtumwa kufundishwa. Mwaka 1864 meli ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, alijitafutia walimu akajifunza. (Mjini humo humo alishushwa kwenye gari la abiria kwa rangi yake, ingawa magazeti yalikuwa yamemsifu kama shujaa.) Miaka minne baadaye, 1868, alikaa katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, akapigania shule za umma, za bure, zilizo wazi kwa watoto wote, na wazazi walazimike kuwapeleka. Likaingia katika katiba. Mimi naliona hili kubwa kuliko meli. Meli iliokoa watu kumi na kadhaa.

Alikaa katika bunge la jimbo, kisha kati ya 1875 na 1887 akawa katika Bunge la Marekani, akitoka na kurudi kwa sababu kila uchaguzi ulikuwa vita. Mwaka 1876 alipendekeza jeshi liache kuwatenga watu kwa rangi, na hakusikilizwa. Wapinzani wake waliovaa mashati mekundu walivamia mikutano kwa bunduki. Mwaka 1878 huko Gillisonville walimzingira yeye na wenzake dukani, mpaka wakazi weusi wa jirani walipokuja kuwaokoa.

Sitaficha kwamba mwaka 1877 alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa ya dola 5,000 alipokuwa seneta wa jimbo, akahukumiwa miaka mitatu. Msamaha ulikuja 1879, katika mapatano ambayo nayo serikali kuu iliacha kuwashtaki watu wa upande wa pili kwa udanganyifu wa uchaguzi. Mimi naamini alionewa. Msomaji aelezwe yote aamue mwenyewe.

Kisha 1895. Jimbo likaitisha mkutano mwingine wa katiba, na safari hii nia ilikuwa kuwanyang'anya weusi kura. Wajumbe weusi walikuwa sita tu, Smalls akiwa mmoja wao, mtu wa miaka 56. Mtego uliotegwa ulikuwa kusoma: mpiga kura asome kipengele cha katiba au akieleze mpaka msimamizi aridhike, na msimamizi ndiye yuleyule asiyemtaka. Hebu fikiria mtu aliyewapatia watoto shule anakaa kuona kusoma kunageuzwa komeo la mlango. Alisimama akasema watu wake hawahitaji kutetewa kwa namna ya pekee, kwani historia yao katika nchi ile inathibitisha kuwa ni sawa na watu wowote popote, wanachohitaji ni nafasi sawa katika mapambano ya maisha. Akashindwa kwa kura. Akakataa kutia sahihi.

Mwaka 2019 binti yangu anayeishi Atlanta alinipeleka Beaufort, saa tano kwa gari. Nimesimama mbele ya ile nyumba ya bwana wa mama yake. Smalls aliinunua wakati wa vita ilipouzwa kwa deni la kodi. Waliokuwa wamiliki wa nyumba hiyo wakamshtaki wakiidai, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi. Aliishi humo, akawa mkuu wa forodha bandarini hapo kwa miaka mingi hadi 1913, na humo akafariki tarehe 23 Februari 1915. Amezikwa uani mwa kanisa la Tabernacle. Hapo lipo sanamu la kichwa chake, na maneno yaliyochongwa ni yale ya 1895. Watu wake walichagua yale.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mchapishe sehemu ya pili ya makala ile, yenye mikutano yote miwili ya katiba, na kichwa chake kiwe kingine. Picha ya kaburi niliyoipiga mwenyewe ninayo. Mkiihitaji nitaileta ofisini kwenu siku yoyote baada ya sala ya adhuhuri.

Mshika usukani mstaafu,
Ngamiani, Tanga