Barua kutoka Leipzig

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitesa. Zile soksi alizofuma Mama nazivaa mpaka kitandani.

Kwaya yetu imeanza wimbo wa mtunzi Mjerumani, Max Reger, na tangu hapo nakuwaza wewe. Alizaliwa 1873 kijijini Brand, Bavaria, akakulia Weiden. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda, kama wewe. Shule ilipotupa kinanda chake kikuukuu, mzee alikibeba akakiunda upya nyumbani, kijana akimshikia vifaa. Si ndivyo tulivyoshinda Jumamosi zile na kinanda chako cha kukanyaga, mimi nikipokea misumari?

Nimeona nakala ya mwandiko wake. Noti ni za wino mweusi, na maelekezo yote, hapa pole, hapa paza, ni ya wino mwekundu. Ukurasa umejaa wekundu kama daftari la mtoto uliyemsahihisha wewe ukiwa na hasira.

Alikuwa Mkatoliki, ila nyimbo zetu za Kilutheri zilimkaa moyoni. Mwaka 1898, amerudi kwa wazazi akiwa mgonjwa, aliuchukua wimbo wa Luther, ule wa Mungu ni ngome yetu, akautungia fantasia, yaani muziki mrefu wa kinanda usiobanwa na umbo maalumu. Ni ngurumo tupu, Baba, ungeshika kichwa.

Mwaka 1902 akamwoa Elsa von Bercken, Mprotestanti aliyekwisha kuachika. Kanisa lake likamtenga. (Hapa usimsomee Mama kwanza.)

Leipzig alikuja 1907 kufundisha. Hakujua kupumzika: darasani, kwenye treni kwenda matamashani, usiku anaandika, na pombe hakuiogopa. Tarehe 11 Mei 1916 alikutwa amekufa hotelini hapahapa mjini. Moyo ulisimama, akiwa na miaka 43. Kando ya kitanda zilikuwepo prufu za nyimbo zake za kwaya, zikingoja kusahihishwa.

Huu tunaojifunza ni mmojawapo wa nyimbo hizo, “Nachtlied”, wimbo wa usiku. Hauna papara hata kidogo. Sisi alto tunakosea palepale kila Ijumaa.

Tutauimba ibadani, na hakuna atakayeuliza mtunzi alioa nani. Dada ameniambia bado anakaa benchi la nyuma na meza ya Bwana haikaribii, na kwamba wewe ukitoka kanisani unapitia mlango wa pembeni. Mpigie, Baba. Namba yake ni ileile.

Mwanao