Wajukuu zangu wa kijiweni, hebu tupige hesabu

Wajukuu zangu,

Juzi jioni mmoja wenu alikuja barazani kwangu kwa miguu. Pikipiki imechukuliwa na tajiri wake, maana hesabu ya siku nne, fedha ya kumpelekea huyo tajiri, ilikwenda kwenye mkeka wa kubashiri mechi. Nikamuuliza alitegemea nini. Akanijibu bila kupepesa macho: "Babu, ile timu imefungwa mechi tano mfululizo. Ya sita ilikuwa lazima ishinde."

Lazima! Nani aliilazimisha?

Mwaka 1913, kule Monte Carlo, kijipira cha gurudumu la kamari, lenye vyumba vyeusi na vyekundu, kiliangukia weusi mara 26 mfululizo. Kadiri weusi ulivyojirudia, watu wenye fedha zao walizidi kuzimwaga kwenye wekundu, wakiamini zamu yake imefika. Wakakombwa. Gurudumu halikumbuki jana lilifanya nini. Timu yako je? Iliyofungwa mara tano huenda ni mbovu tu, mwanangu.

Nikachana mfuko wa unga, nikamwandikia. Tuseme kila timu mkekani ina nafasi 7 kati ya 10, zile mnazoziita za uhakika. Ukiweka mbili, nafasi ya zote kushinda ni 49 kati ya 100. Tano, 17 hivi. Kumi, hazifiki 3. Akaitazama karatasi kimya, halafu: "Lakini kuna jamaa wa Mbagala alipata." Unamjua kwa sababu alipata! Mikeka iliyochanika nani anaipiga picha?

Wala siwalaumu peke yenu. Nimefundisha hisabati miaka 31. Tulirusha shilingi darasani, tukajaza majedwali, mtihani ukapita, daftari zikafungia vitumbua. Sikuwahi kuwaambia kwamba zile zilikuwa habari za mifuko yenu. Leo redio inatangaza vifo, inafuata kubashiri, ndipo hali ya hewa.

Mengine kwa ufupi. Ukiamini jambo, jiulize ni habari gani ingekufanya uliache. Kama haipo, hujalipima. Usiamue ukiwa na njaa au unadaiwa. Fedha iliyoliwa imeliwa, usiikimbize. Kubadili mawazo si aibu.

Tajiri nimeongea naye. Pikipiki itarudi Jumatatu, kwa sharti kwamba daftari la hesabu lipite kwangu kila jioni. Na mwenye mkeka aje nao kabla hajalipia, tuupigie hesabu pamoja. Aje na kalamu. Mifuko ya unga ninayo.

Babu yenu