Utafiti unaishia ukumbini, wodini haufiki

Ndugu Mhariri,

Mi gazeti lenu nalisoma toka nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, miaka yote nikiona kitu kinanikera nanung'unika na mzee wangu hapa nyumbani basi yanaisha. Ila ile habari yenu ya wiki ya Siku ya Wauguzi, ya lile kongamano la tafiti za uuguzi, imenikaa kooni mpaka leo. Nimeirudia mara tatu. Mmetuambia mgeni rasmi alikuwa nani, washiriki walitoka wapi, keki imekatwa, mishumaa imewashwa, na tafiti lukuki zimewasilishwa. Sawa. Hizo tafiti zimesema nini? Hata moja hamkutuambia. Na nesi aliyekuwa zamu ya usiku ambaye hakualikwa, kesho yake abadilishe nini kwenye kazi yake? Hamna.

Mimi ni mkunga mstaafu. Kuna mwaka, masika nzima, walikuja watafiti wodini kwetu wakatupa madodoso na vipimajoto, tukawa tunapima joto la kila kichanga akizaliwa na tena baada ya saa moja, mchana na usiku, mara nyingine tunajaza fomu kwa tochi. Tulijaza kwa moyo kwa sababu tuliambiwa itasaidia watoto. Mwisho wakatupa soda na fulana, wakaondoka na maboksi yao. Nimestaafu sijaona matokeo. Mpaka leo huwa najiuliza, hivi watoto wetu walikuwa wanapoa kiasi gani? Sisi tuliowapima hatujui.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Mwezi wa nane mwaka jana binti yangu presha ya mimba ilimpanda, ikabidi afanyiwe operesheni haraka akiwa na wiki 31, mtoto akatoka na kilo 1 na gramu 400. Jina la hospitali silitaji, maana najua si hiyo peke yake. Mama akalazwa ghorofa ya chini, mtoto akapelekwa juu chumba cha njiti, kitanda kimoja cha joto wamelazwa watatu. Niliporuhusiwa kuingia nikafanya kile nilichofanya maisha yangu yote, nikamshika nyayo. Baridi kama mtungi. Nikamwambia sista, mwanangu huyu anapoa, nipe nimuweke kifuani kwangu mpaka mama yake aweze. Akanijibu kwa heshima tu, "Bibi, huyu bado hajatulia, yuko kwenye oksijeni, akitulia ndo ataenda kangaruu, ndo utaratibu wetu." Kangaruu ndo huko kumfunga njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Na kweli utaratibu ulikuwepo ukutani, karatasi imevishwa nailoni imegeuka njano. Haikupita muda umeme ukakatika, jenereta ikachelewa kuwaka kama dakika 20 hivi, vitanda vyote vikazima, na yule sista yuko peke yake na watoto 19. Hapo ndo akaniita mwenyewe. Kipimajoto kikasoma 35.4. Nikavua blauzi, tukamfunga kifuani na kitenge changu, kofia kichwani, mrija wa oksijeni hivyohivyo puani, mkono wangu mgongoni kwake nahisi anavyovuta pumzi kwa taabu, ngozi inaingia katikati ya mbavu, alafu taratibu taratibu ikaacha. Saa moja na nusu baadae 36.7. Leo anatambaa anavuta vitambaa vya meza. Ila kati ya wale wenzie wawili wa kitanda kimoja, mmoja hakuiona asubuhi. Sisemi kifua cha mama yake kingemponya, siwezi kusema hivyo na mimi ni mkunga. Nasema hakikujaribiwa, na mama mwenyewe alikuwepo hapo chini anakamua maziwa kwenye kikombe.

Kulipokucha yule sista akaniuliza, bibi hayo umeyatoa wapi? Nikamwambia hayo yamefanyika Dar es Salaam, Muhimbili. Alishangaa mpaka nikamuonea huruma. Ni hivi Mhariri, kwa faida ya wasomaji maana nyie hamkuandika. Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 70, inkubeta, zile mashine za kuwapa njiti joto, zilikuwa hazitoshi. Miaka yote tulifundishwa njiti atulie kwanza ndo aende kifuani. Shirika la Afya Duniani likasimamia utafiti kwenye hospitali 5, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kuanzia 2017, watoto 3,211 wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, nusu wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kwa mama au mtu aliyechaguliwa na mama, na nusu wakasubiri kutulia kama kawaida. Waliosubiri, ndani ya siku 28 walikufa 15.7%. Waliowekwa mapema 12%. Januari 2020 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana. Yani ukiwafanyia hivyo watoto 27, mmoja ambaye angekufa anabaki. Ikachapishwa 2021, na Novemba 2022 shirika likabadilisha mwongozo wake, kifuani mapema iwezekanavyo toka kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye kwenye mshtuko, yani damu haizunguki vizuri mwilini. Mimi haya nimeyapata kwa mpwa wangu anayesoma uuguzi, kanitumia WhatsApp. Mstaafu nakaa na kuku zangu najua, na aliye zamu na watoto 19 hajaambiwa!

Na yule sista simlaumu hata chembe. Ana digrii. Chuoni na yeye alifanya utafiti wake, kuhusu akina mama kuchelewa kunyonyesha, akaujalidi vizuri na maandishi ya dhahabu. Nikamuuliza matokeo ulipeleka wapi, akasema kwa msimamizi wangu, na nakala moja ipo maktaba. Na wodi uliyokusanyia taarifa? Kimya. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana na kila mmoja kahoji wagonjwa, kahoji manesi, kawapotezea muda wao, alafu kitabu kinakaa kwenye shelfu.

Tena vyote ni kwa Kiingereza. Nesi wa cheti kule kituo cha afya, anayezalisha peke yake usiku, unamwandikia Kiingereza cha kurasa 12, na nyingine ukitaka kuisoma intaneti inakudai dola. Semina nazo ni walewale watatu kila mara, wanaojulikana, wanaenda na begi wanarudi na begi jipya, posho imesainiwa, ukiuliza mrejesho unaambiwa slaidi ziko kwenye flashi. Nimeona matroni anaenda semina ya kuzuia kutoka damu baada ya kujifungua, kurudi hajasema neno, na leba tukaendelea kukisia damu kwa macho, kumbe macho yanadanganya. Utafiti uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, waliweka mfuko wa plastiki wenye mistari chini ya mama ili damu ipimwe, na ikizidi matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kungoja moja lishindikane. Kutoka damu nyingi kupita kiasi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, na vifo vyake, vikijumlishwa pamoja, vikapungua 60%. Kwenye hospitali zilizoendelea kukisia, karibu nusu ya wanaotoka damu hawakugundulika! Mnajua maana yake kwa mtu aliyeshika mkono wa mama anayepoa saa 9 usiku? Mimi nimeshika. Nawakumbuka kwa majina.

Na viti jamani. Hata mama akipandishwa juu kukaa na mtoto wake anakaa wapi? Kwenye ule utafiti wa kangaruu wale mama walilazwa humohumo na watoto, wakawabeba karibu saa 17 kwa siku. Mama wa operesheni hawezi kubeba saa 17 kwenye benchi la mbao, alafu mlinzi anakuja kumtoa eti muda wa kuona wagonjwa umeisha. Mama si mgeni wa mtoto wake.

Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza tunayemuimbia kila Mei 12, hakuwa wa mishumaa tu. Alihesabu wanajeshi waliokufa kwa maradhi na waliokufa kwa majeraha vita vya Krimea, akachora michoro, 1858 ikawafikia wakubwa wa serikali ya Uingereza.

Ombi langu ni dogo. Mtafiti yeyote akishakusanya taarifa wodini, kabla hajalipiwa kwenda kongamano, alete karatasi moja ya A4 kwa Kiswahili, maandishi makubwa, mambo matatu tu: tumeona nini, acha nini, anza nini. Isomwe kwenye ripoti ya asubuhi siku 7 mfululizo ili kila zamu iisikie, alafu ibandikwe juu ya sinki la kunawia mikono maana hapo kila mtu anasimama. Ile iliyogeuka njano itolewe. Na chumba cha njiti waweke viti vinne vya kuegemea, vinne tu kwa kuanzia.

Ya kwanza nimeshaiandika mwenyewe, ya kangaruu, mjukuu mkubwa kanichapia. Jumatatu niliipeleka pale pale hospitalini, mganga mfawidhi akaisoma yote na kuigonga muhuri, yule sista akaibandika. Ijumaa narudi kuangalia kama bado ipo.

Mkunga mstaafu,
Morogoro